Mstari Mmoja

Daftari letu la maabara lina sheria yake:
wino, si penseli.
Ukikosea, kata kwa mstari mmoja,
kosa libaki linasomeka,
weka sahihi, weka tarehe,
kama mtu anayekiri mbele ya majirani
kisha akaendelea kuishi nao.

Julai ile Nairobi haikuvua blanketi lake la kijivu.
Swali letu lilikuwa dogo:
je, risasi,
hii isiyo na mlio wala tundu,
hutoka kwenye betri zinazopasuliwa kando ya mto,
huzama udongoni, hupanda na mzizi
hadi kwenye sukuma wiki, hadi sufuriani,
hadi kwenye damu?

Swali dogo, lakini lilitaka watu arobaini wa ukingoni
na arobaini wa mbali na maji,
nami nisijue mrija upi ni wa nani,
kwa maana jicho linalotamani jibu
huliona hata pale lisipokuwepo.

Achola alisoma fomu kwa sauti, mlango kwa mlango, Korogocho.
Aliposoma "unaweza kujitoa wakati wowote
bila kueleza sababu"
watu walicheka.
Nani amewahi kuona kitu kikichukuliwa hapa
kikarudishwa?

Siku ya kufungua namba,
mrija wa thelathini na moja ulisimama juu ya grafu
peke yake, kama kongoti juu ya mgunga.
Bila huo, hesabu zilisema: haijulikani.
Pamoja nao: tumepata.

Siku ya tatu akaja Bi Syokau.
"Nataka kujitoa."
Daktari Lumbasi akavua miwani.
Sababu hatukumwuliza; fomu ilitukataza,
na kucha zake zilikuwa za kijani,
kijani cha mtu anayekata mboga tangu alfajiri
akaziuza kwa fungu.

Nakiri: niliwaza.
Namba haina uso, jokofu lina mirija mia nne,
nani angejua?
Na watoto wangapi wa mto ule
wangepona kwa ukweli mmoja ulioibwa?
(Wazo baya hujulikana kwa harufu.
Hili lilinukia vizuri.)

Daktari akamwambia: "Damu yako tutaiteketeza leo,
nawe ukiona kwa macho yako.
Lakini lipo jambo kuhusu mwili wako.
Ungependa kulijua?"
Umeme ukapotea. Jenereta likakohoa, likashika.
"Niambie mimi," akasema.
"Usiiambie karatasi."

Akaambiwa. Akairudia namba ile kimoyomoyo,
midomo ikicheza, kama anayehesabu deni,
kisha akauliza kuhusu kitinda mimba wake,
ana miaka miwili, hupenda kula mchanga.
Tukamwandikia barua ya hospitali, yeye na mtoto.
"Na mboga?"
Mboga tukamwambia ukweli: bado hatujui.
"Basi mkijua,
nije kuambiwa kabla ya gazeti."

Jioni nikafungua daftari
na sheria zangu mbili zikagombana mkononi.
Kosa lazima lisomeke.
Lakini hili halikuwa kosa,
lilikuwa mtu aliyetoka chumbani akafunga mlango.
Nikaifunika namba kwa wino mpaka karatasi ikalowa,
pembeni nikaandika: 31, amejitoa.
Sahihi. Tarehe.
Atakayesoma ajue hapa palikuwa na kitu,
na kwamba hakikuwa chetu.

Kwenye grafu sasa kuna uwazi
ambao ni mimi tu ninayeuona.
Matokeo: haijulikani.
Mwezi wa tisa tutaanza upya,
fomu mpya, sindano mpya,
tukibisha hodi na kungoja,
na wakicheka, tukiwaambia
yuko mmoja aliyerudishiwa.
Jina lake hatutalitaja.